Kitovu, beringi na gololi

Maneno haya hutajwa pamoja katika ufundi wa magari, lakini hayana maana moja. Kitovu, ambacho mafundi wengi hukiita habu, ni sehemu ya katikati inayofungiwa gurudumu. Beringi hukaa ndani yake ili gurudumu lizunguke kwa wepesi. Gololi ni tufe dogo la chuma lililomo ndani ya beringi. Hata hivyo, si kila beringi ina gololi: nyingine zina vipande vya mviringo vilivyo vyembamba upande mmoja.

Kitenzi kucheza nacho kina maana yake gereji. Gari likiisha kuinuliwa kwa jeki na kuegemezwa imara, fundi hushika gurudumu la mbele juu na chini, akalitikisa. Likiyumba, husemwa linacheza. Mfano: "Gurudumu la kushoto linacheza, kagua beringi."

Mfasiri wa mwongozo wa matengenezo ahadhari zaidi na kitenzi kukaza. Kwa beringi za vipande zinazorekebishwa, nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, kisha hulegezwa na kukazwa tena kidogo tu, kwa kipimo cha mtengenezaji. Akiandika "kaza nati kabisa", amempotosha fundi: beringi iliyobanwa mno hupata joto, grisi ikayeyuka, na beringi ikaharibika gari likiwa barabarani. Ikiachwa imelegea, gurudumu hucheza. Tafsiri sahihi hutaja hatua zote tatu: kaza, legeza, kaza kidogo.