Lambeni Jani la Mchu

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Kwale ameniuliza swali. Julai 26, Siku ya Mikoko Duniani, atawapeleka watoto wa gredi ya 5 kupanda mikoko. Awafundishe nini wakifika topeni? Nadhani alitarajia nitaje hewa ya ukaa. Watu wa Gazi na Makongeni wanaiuza kupitia Mikoko Pamoja, mradi wao ulioanza 2013, na pesa zake husaidia shule na maji ya kijiji. Hayo watayasikia kwenye hotuba. Mimi ningewaambia walambe jani la mchu.

Mchu ndio ule uliozungukwa na vijiti vyembamba kama penseli, vimechomoza matopeni. Siku ya jua jani lake lina chumvi, chumvi hasa, ya kukolezea muhogo.

Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mchu huyanywa, ila huyachuja kwanza mzizini. Chukua kifumbu. Ukikamua nazi, tui hupita, machicha hubaki. Mzizini maji ndiyo tui, chumvi ndiyo machicha, na zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za machicha hayo haziingii. Lakini kifumbu hutaka mkono wa kukikamua, nao mti mkono wake uko juu kabisa, majanini. Jua likiyakausha, majani huvuta maji kutoka chini kama mtoto anyonyavyo dafu kwa mrija. Na mvuto huo si mchezo! Kuyatenganisha maji ya bahari na chumvi yake kunataka nguvu ya angahewa 25 hivi, mara tatu ya upepo wa tairi la lori. Mwaka 1965 mwanasayansi Per Scholander na wenzake walieleza walivyoupima mvuto huo: hukata kitawi, hukifungia kwenye chupa ya chuma, hujaza gesi mpaka maji yachomoze penye mkato. Mikoko ilivuta zaidi ya hapo, na kelele hakuna.

Machicha machache yanayoponyoka hupanda hadi jani, nalo huyatoa nje. Vitabu huviita viungo vinavyofanya kazi hiyo tezi za chumvi. Sipendi. Mtoto akisikia "tezi" humkumbuka bibi mwenye uvimbe shingoni. Nilijaribu "vitoachumvi", ulimi ukakwama. Sasa nasema vijasho, kwa kuwa kijasho chembamba hulitoka jani, kikikauka huacha chumvi. (Jasho letu hupoza mwili, la jani sivyo. Tuendelee.)

Mvua ikiwa imenyesha usiku msijisumbue, imeshaosha. Na mti usioujua usimlambishe mtoto.

Atakayeona kinyaa, mpe kazi nyingine, mwalimu: asuuze majani kumi kwa kijiko kimoja cha maji ya mvua, ayamimine maji hayo juu ya kifuniko cheusi cha ndoo, akianike dirishani. Kengele ya chai ikilia, nendeni mkaangalie.