Maana na Matumizi ya Kitenzi cha Kiingereza "Pick up"

Mwanafunzi ajuaye ya kuwa "pick" ni kuchuma au kuchagua, na "up" ni juu, hudhani ameijua maana ya "pick up". Sivyo. Maana yake ya asili ni kuinua kitu kilicho chini. Lakini Kiswahili hakina neno moja tu kwa tendo hilo. Kilichoanguka huokotwa, takataka huzolewa, mtoto hubebwa. Kiingereza hutazama mwendo wa mkono. Kiswahili hutazama kile kinachoinuliwa.

Katika matumizi mengine ile "up" haionyeshi juu hata kidogo. Biashara iliyozorota huchangamka, redio hunasa sauti, mtu hupata mafua, au hujifunza lugha kwa kuisikia tu: yote hayo kwa Kiingereza ni "pick up".

Hapo ndipo mfasiri hujikwaa. Mwingereza akimwambia rafiki yake, "I will pick you up at six", haifai kuandika "Nitakuokota saa kumi na mbili". Kwetu sisi mtu aliyeokotwa ni yule aliyetupwa, asiyejulikana wazazi wake. Hivyo ahadi njema itageuka kuwa tusi. Na iandikwe "nitakuja kukuchukua", au, ikiwa yumo njiani, "nitakupitia".

Basi mfasiri asiulize tu, "Neno hili kwa Kiswahili ni lipi?" Aulize kwanza, "Ni nini kinachoinuliwa, na je, kweli kinainuliwa?"