Biri Si Sigara Nene: Ayaonayo Mtu Azijaribupo Mara ya Kwanza

Mtu aliyezoea sigara akipewa biri kwa mara ya kwanza huivuta kama avutavyo sigara, na kabla hajafika nusu yake hujuta. Moshi huuingiza mpaka mapafuni, akakohoa, macho yakamtoka machozi. Akiendelea kwa kuona haya mbele ya wenziwe, kichwa humzunguka, jasho baridi humtoka usoni, na tumbo humchafuka kama la abiria wa jahazi asiyezoea mawimbi. Wavutaji wa siku nyingi huijua hali hiyo. Humketisha penye hewa, wakampa maji ya sukari, kisha wakamwambia neno ambalo lingalifaa aambiwe mwanzoni: moshi wa biri hauingizwi kifuani. Huzungushwa kinywani, ukaonjwa, ukatolewa.

Jambo hili lina sababu yake. Moshi wa sigara una tabia ya asidi, na nikotini iliyomo haiingii mwilini vema mpaka ifike mapafuni. Tumbaku ya biri hukaushwa kwa hewa tu, kisha huachwa ichachuke, na moshi wake una tabia ya magadi. Nikotini ya moshi wa namna hii hupenya ngozi laini ya kinywa bila kufika kifuani. Tena kipimo chake si kidogo, maana biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku iliyo sawa na ya pakiti nzima ya sigara. Basi mgeni ambaye hajala kitu tangu asubuhi, akawasha biri nene ili aonekane mtu mkubwa, hana budi kuangushwa nayo.

Kosa la pili la mgeni ni kuchagua kwa macho. Huona biri nyeusi akadhani ni kali, akaona ya rangi ya maziwa na chai akadhani ni ya watoto. Huona iliyo nene akadhani ina nguvu kuliko iliyo nyembamba. Unene wa biri hupimwa kwa sehemu 64 za inchi moja. Ile iitwayo robusto, mathalani, ina urefu wa inchi 5 na unene wa sehemu 50, na ile iliyopewa jina la Churchill ina urefu wa inchi 7 na unene wa sehemu 47. Lakini nguvu haimo katika vipimo hivyo, wala haimo katika rangi. Imo ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Biri haina karatasi. Ukiipasua kwa kisu kikali utaona majani ya namna tatu: ya ndani, yaliyokunjwa kwa urefu, jani moja la kuyafunga, na jani la nje, lililo laini, lisilo na tundu wala doa, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Katika mkoa wa Pinar del Río, upande wa magharibi wa Cuba, mkulima havuni mche wote kwa siku moja. Huanza na majani ya chini, akangoja siku kadhaa, akavuna ya juu yake, na hivyo hivyo mpaka kileleni. Majani ya chini huitwa volado. Huwaka vizuri lakini ladha yake ni haba. Ya kati huitwa seco, nayo huleta harufu. Ya juu, yaliyopigwa na jua siku nyingi, huitwa ligero. Ni mazito, yana mafuta, huwaka polepole, na hayo ndiyo yenye nguvu. Mviringaji akitia ligero nyingi moyoni, biri itakuwa kali hata ikivishwa jani jeupe kama nini. Akitia kidogo, itakuwa pole hata ikiwa nyeusi kama makaa.

Na weusi huo watoka wapi? Mkulima yeyote aliyepata kutia mkono katikati ya lundo la samadi mbichi anajua joto lake. Majani ya tumbaku yaliyokwisha kukaushwa ghalani kwa muda wa wiki kadhaa, yakilundikwa yakiwa na unyevu kidogo, hupata moto vivyo hivyo bila kiberiti. Wenye kazi hulipima lundo, na joto likizidi hulipindua, ya ndani yakawekwa nje na ya nje ndani. Wakati huo hutoka harufu kali ya amonia, kama ya zizi lililofungwa usiku kucha. Jani linalokaa katika joto kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi hugeuka jeusi, likaitwa maduro, yaani lililoiva, na aghalabu huwa na utamu kama wa sukari guru iliyoungua kidogo. Kwa hiyo mgeni aliyeiogopa biri nyeusi mara nyingi hugundua kwamba ndiyo inayompendeza. Lakini biri iliyofanywa kwa pupa hubakiza ile amonia, nayo ndiyo ichomayo pua na kuacha uchungu ulimini.

Katika siku za kwanza mgeni hana maneno. Akiulizwa ameonja nini, husema ameonja moshi, na hapo husema kweli. Wakulima wa kahawa waliopata kuwatazama waonjaji wakivuta kijiko kwa kelele na kutema wataielewa hali hii. Kikombe kile kile ambacho mkulima huona ni kahawa tu, mwonjaji hukitofautisha na kingine kwa uchachu, uzito na harufu. Ulimi hufunzwa kwa kulinganisha. Afaaye kuigwa ni yule mgeni ajaribuye biri moja kwa siku, baada ya chakula, akianza na zilizo pole, na kuandika katika daftari alichokiona kabla hajasahau.

Zilizo pole aghalabu ni zile zilizovikwa jani la Connecticut, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani. Tangu mwaka 1900 wakulima wa huko walianza kupanda tumbaku chini ya mahema mapana ya kitambaa chepesi, ili jua lisiikaze. Jani likawa jembamba, laini, la rangi ya dhahabu. Mgeni huonja humo kitu kama nyasi kavu, au njugu zilizokaangwa, au maziwa yaliyochemka. Katika Ecuador jani hilo hilo hukua vizuri bila kitambaa, kwa kuwa mawingu ya huko hulifunika jua. Na yafaa kutaja hapa habari moja ya mashamba yale ya Connecticut. Katika kiangazi cha mwaka 1944, kundi la vijana wa chuo cha Morehouse cha Atlanta lilikwenda mji wa Simsbury kufanya kazi ya tumbaku ili wapate fedha za masomo. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 15, aliwaandikia wazazi wake kwa mshangao kwamba huko mtu mweusi aliweza kuketi na kula mahali alipotaka. Kijana huyo alikuwa Martin Luther King, naye alirudi Simsbury kwa kazi iyo hiyo mwaka 1947.

Jani la pili linalofaa kujaribiwa ni la Afrika. Katika Kamerun, na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, hupandwa tumbaku ya mbegu iliyotoka Sumatra, ambayo Wafaransa waliieneza wakati wa utawala wao. Jani lake lina vipele vidogo vidogo, ambavyo mtu huvisikia akipitisha kidole, na rangi yake ni ya kahawia isiyokolea. Utamu wake ni mwembamba, na nyuma yake kuna ukali kidogo wa pilipili manga na mdalasini. Wageni wengi hulipenda kuliko la Connecticut, na si ajabu, kwani hapa ndipo mara ya kwanza huandika katika daftari neno lisilokuwa moshi. Mafundi wa visiwa vya Karibi hulinunua kwa bei kubwa, wakalivisha biri ziuzwazo duniani kote, lakini ni wanunuzi wachache wajuao kwamba jani la nje wanaloligusa kwa midomo limetoka mashamba madogo ya Kiafrika.

Baada ya hizo mgeni huwa tayari kwa zile za Nicaragua, hasa za bonde la Estelí, ambako udongo ni mweusi, wa majivu ya volkeno. Hizo huanza na pilipili kooni, kisha hupoa zikawa kama kahawa iliyokaangwa sana. Nyingi zina asili ya Cuba. Serikali ya mapinduzi ya mwaka 1959 ilipotaifisha viwanda vya tumbaku mwaka 1960, wenye mashamba na mafundi wengi walihama, wakaenda Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nicaragua, na ujuzi wao wakaenda nao.

Cuba yenyewe ina jina kubwa kuliko nchi zote. Pierre Salinger, aliyekuwa karani wa habari wa Rais Kennedy, alisimulia mwenyewe kwamba mapema mwaka 1962 Rais alimtuma atafute biri 1,000 za Cuba kwa usiku mmoja. Asubuhi akaleta 1,200, na mara Rais akatia sahihi amri ya kupiga marufuku bidhaa za Cuba. Hata hivyo sifa hii imezidi kidogo. Mgeni akipewa biri ya Cuba bila kuambiwa itokako, mara nyingi huona udongo baada ya mvua, ngozi mpya ya viatu, na asali kidogo, wala haoni ajabu inayolingana na bei. Na bei ya Cohiba moja yaweza kupita ya gunia zima la mahindi.

Jambo la Cuba linalostahili sifa kuliko moshi wake ni wasomaji. Tangu mwaka 1865, katika viwanda vya Havana, mtu mmoja huketi juu ya jukwaa akawasomea waviringaji kwa sauti wakati mikono yao inafanya kazi. Hapo kwanza wafanyakazi wenyewe walichanga mshahara wake, nao ndio waliochagua vitabu. Asubuhi ilikuwa magazeti, na baadaye hadithi ndefu, sura moja leo na nyingine kesho. Hivyo watu wengi wasiojua kusoma walipata habari za dunia na za haki za wafanya kazi, na zaidi ya mara moja watawala walikataza usomaji huo kwa kuuogopa. Biri iitwayo Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, ilipata jina lake katika hadithi ya Mfaransa Alexandre Dumas, iliyopendwa mno na waviringaji hao.

Mgeni akifika hapa huwa amekwisha kuzoea, na kuzoea ndiko kunakohitaji hadhari. Wako wasemao kwamba biri haina madhara kwa kuwa moshi hauingii kifuani. Mwaka 1998 taasisi ya kansa ya serikali ya Marekani ilitoa kitabu kizima juu ya biri, nacho kilionyesha kwamba mvutaji wa kila siku, hata asiyeuingiza moshi, yu katika hatari ya kansa ya kinywa, ya koo na ya umio kuliko asiyevuta. Jenerali Ulysses Grant alipelekewa biri kwa maelfu na watu waliofurahia ushindi wake wa mwaka 1862. Alikufa kwa kansa ya koo mwaka 1885. Daktari Sigmund Freud wa Vienna alionekana na kansa ya kinywa mwaka 1923, akapasuliwa zaidi ya mara 30, wala biri hakuiacha mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1939. Hata Fidel Castro, ambaye Cohiba zilianza kuviringwa kwa ajili yake, aliacha kuvuta mwaka 1985. Katika Kenya, sheria ya mwaka 2007 haipambanui biri na sigara: mahali pa watu wengi palipokatazwa moja, na nyingine imekatazwa.

Anayetaka kuionja mara moja moja na ajue adabu yake. Kichwa cha biri hukatwa kidogo tu, maana likikatwa sana jani la nje hufunguka lote. Huwashwa polepole kwa kiberiti cha mti, ikizungushwa juu ya mwali bila kuunguzwa, na huvutwa mara moja kwa dakika. Avutaye upesi huipasha moto, ikawa chungu, kisha akaulaumu mkulima. Zilizobaki huwekwa katika sanduku lenye unyevu. Masanduku yaliyo bora ni ya Cedrela, mti ambao Wazungu huuita mwerezi, lakini kwa kweli ni ndugu wa mkangazi. Ulipandwa Tanzania pia, na katika msitu wa Kimboza umeenea hata ukawa kama magugu. Joto likizidi, hutoka mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, mfano wa fukusi wa mahindi, akatoboa biri nzima kama filimbi. Dawa yake ni kuzigandisha katika barafu siku kadhaa.

Theluthi ya mwisho huwa kali kuliko zote, kwa kuwa lami na unyevu wa moshi hukusanyika huko. Wengi huiacha ikibaki kama urefu wa vidole viwili. Haisagwi katika kisahani kama sigara, kwani ikisagwa hutoa harufu mbaya. Huwekwa tu, ikazimika yenyewe, na kipande kikatupwa nje usiku uo huo, kabla chumba hakijashika harufu yake.