Pole fupi humfaa aliyefiwa kuliko hotuba

CHUKUA mfano wa injinia wa ujenzi jijini Nairobi anayerejea kazini wiki mbili baada ya kumzika mkewe. Wenzake walichanga pesa za mazishi na baadhi yao walisafiri hadi kijijini. Lakini asubuhi hiyo, kila anayemwona anainamia makaratasi yake. Wanahofia kumliza.

Kimya hicho humuumiza zaidi. Hatalia kwa sababu umemkumbusha, hakuwa amesahau.

Huzuni ya kufiwa huathiri mwili wote. Usingizi hupotea, chakula hakipiti, kifua hubana na akili husahau mambo madogo. Kwa mtu anayepiga hesabu za nguzo na vyuma vya jengo la orofa, usahaulifu huo ni hatari. Si kumdharau mwenzake akiketi naye wakague hesabu pamoja.

Mnamo 1969, Colin Murray Parkes na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa wanaume 4,486 waliofiwa na wake zao, wote wakiwa na umri wa miaka 55 au zaidi. Katika miezi sita ya kwanza, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa miongoni mwa wanaume wa umri huo walio na wake. Maradhi ya moyo yalichangia sana.

Je, umwambie nini? Sema machache: "Pole sana, Injinia, kwa kumpoteza mama watoto. Tuko pamoja." Mshike mkono kisha unyamaze. Aliyefiwa hana nguvu za kufuata hotuba, wala hapaswi kujilazimisha kukujibu. Watu wa Pwani walilijua hilo zamani. Neno lao "makiwa" ni moja tu, nalo latosha.

Jiepushe na maneno kama "jikaze, wewe ni mwanamume", "utapata mwingine" au "najua unavyohisi". Hayo humfunga mdomo.

Injinia amezoea kutafuta hitilafu na kuirekebisha. Huenda akarudia swali lile lile: je, ningempeleka hospitali mapema? Usikimbilie kumpa jibu. Msikilize. Msiba si mtambo ulioharibika.

Kumbuka pia kwamba matanga yakiisha, nyumba hubaki tupu. Badala ya kumwambia "ukihitaji chochote niite", mpelekee chakula Jumamosi, au wachukue watoto wake shuleni siku anapochelewa kazini. Mtaje marehemu kwa jina. Wengi waliofiwa hufurahi kulisikia.

Kwa walio wengi, maumivu hupungua polepole, ingawa huweza kurudi siku ya ukumbusho. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua huzuni iliyopita kiasi kuwa ugonjwa. Ni ile inayoendelea kwa zaidi ya miezi sita, ikazidi desturi za jamii ya mtu na kumzuia kuendesha maisha yake. Huyo amwone daktari au mshauri.

Lakini akianza kulewa kila siku, usingoje miezi sita. Naye anayesema afadhali afe asiachwe peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Kesho ukimkuta mwenzako aliyefiwa kwenye ngazi za ofisi, usigeuke. Mwambie pole.