Unahamia Ng'ambo na Pikipiki Yako? Soma Hii Kabla Hujatuma Pesa

Visa imetoka, tarehe ya kusafiri inakaribia, na pikipiki bado iko hapo nje. Kwa wengi wetu hiyo pikipiki ndiyo imelipa karo na kodi ya nyumba, kwa hivyo kuiacha si rahisi. Kisha mtu anakuandikia kwenye simu: "Nitumie elfu ishirini ya kuanzia, mzigo uondoke wiki hii."

Hapo ndipo tunakuomba usimame kwanza. Kutuma pesa ni kazi ya sekunde chache. Kujua kama pikipiki itakubaliwa kuingia huko unakoenda huchukua siku kadhaa. Anza na hilo la pili.

Uliza nchi unayoenda

Kila nchi ina sheria zake, na pesa nyingi hupotea kwa sababu mtu alilipa usafiri kabla ya kuuliza.

Marekani, kwa kawaida, haipokei pikipiki ambayo haikutengenezwa kufuata viwango vyake vya usalama hadi itimize miaka 25. Canada ni miaka 15. Boxer iliyotengenezwa 2021 kwa soko la hapa kwetu ingengoja hadi 2046 ndipo iingie Marekani kwa njia hiyo.

Uingereza inaweza kukuondolea ushuru kama unahamia huko, lakini lazima uombe nafuu hiyo. Unatakiwa uwe umeishi nje ya Uingereza angalau miezi 12 mfululizo, na uwe umemiliki na kuitumia pikipiki kwa angalau miezi 6. Ikishafika, huruhusiwi kuiuza wala kuikodisha kwa miezi 12. Kwa hivyo kama mpango wako ni kuipeleka ukaiuze huko, sahau.

Australia inataka uwe na kibali kabla pikipiki haijapakiwa melini. Pia wanakagua usafi: matope yaliyokauka kwenye magurudumu yanaweza kukufanya ulipie kuoshwa upya huko bandarini.

Piga hesabu yote, si ya meli peke yake

Bei unayotajiwa mwanzoni mara nyingi ni ya kutoka Mombasa hadi bandari ya pili tu. Mwambie ajenti akuandikie kila kitu: sanduku la mbao, usafiri hadi Mombasa, kazi ya forodha upande huu, nafasi kwenye konteina, bima, malipo ya bandari ya upande wa pili, ushuru, na kuhifadhi mzigo ukichelewa kuutoa. Hiyo ya mwisho huhesabiwa kwa siku, na ndiyo hushtua watu.

Ukishiriki konteina na wengine, unalipa kwa mita za ujazo. Sanduku la urefu wa mita 2, upana wa mita 0.8 na kimo cha mita 1.2 ni karibu mita 1.9 za ujazo. Fundi akitoa gurudumu la mbele, usukani na vioo, sanduku linapungua na bei inapungua. Kabla ya kufungwa, petroli itolewe yote kwenye tangi na betri itenganishwe na waya zake, kwa sababu pikipiki huhesabiwa kama mzigo wa hatari.

Sasa linganisha. Tuseme pikipiki yako hapa inauzika kwa KSh 90,000. Kama jumla ya gharama inazidi hiyo, unalipa zaidi ya thamani ya kitu chenyewe. Pikipiki kubwa ya bei ghali hesabu yake inaweza kukubali. Ya boda ya kawaida, mara nyingi ni afadhali kuuza.

Ukiamua kuipeleka, lipa hivi

Tafuta jina la ajenti kwenye orodha ya mawakala wa forodha waliopewa leseni na KRA. Kisha lipa kwa Paybill, Till au akaunti ya benki yenye jina la kampuni hiyo hiyo. Jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini, lisome. Kama si lile lililo kwenye ankara, usiweke PIN.

Kiwango cha juu cha kutuma kwa simu mara moja ni KSh 250,000. Mtu akikuambia ugawanye malipo kwenye namba tatu za watu binafsi "ili yaende haraka", huyo ni tapeli hadi athibitishe vingine. Kama umeshatuma, tupigie mara moja. Pesa ikishatolewa na aliyepokea, kuirudisha ni kazi ngumu.

Usilipe salio la usafiri kabla ya kupata hati ya meli yenye jina lako na namba ya chesi ya pikipiki. Linganisha namba hiyo na iliyo kwenye logbook, herufi kwa herufi.

Ukiamua kuuza

Kama ulichukua kwa mkopo na jina la mkopeshaji liko kwenye logbook, maliza deni kwanza. Bila hivyo huwezi kuuza wala kusafirisha.

Mnunuzi akikuonyesha SMS ya malipo, usiamini. Angalia salio lako mwenyewe. Kisha mhamishie umiliki kwenye mfumo wa NTSA kabla hujapanda ndege. Pikipiki ikihusika kwenye ajali au wizi na bado iko kwa jina lako, wewe ndiye utatafutwa, na kulishughulikia jambo hilo ukiwa Toronto au Doha si mchezo.

Na laini yako?

Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, na uitumie mara kwa mara. Laini iliyokaa kimya muda mrefu inaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Usimwachie ndugu PIN yako, hata kama ni wa tumbo moja. Akihitaji pesa ya kumalizia mambo ya pikipiki, mtumie kwa namba yake.