Injini Ndogo, Moto wa Kweli

Nyuma ya nyumba nyingi za kawaida za Uingereza, mwisho wa bustani, kuna kibanda cha mbao ambacho taa yake huwaka hadi usiku hata baridi ya Januari ikikaza. Ndani utamkuta mzee aliyevaa koti la kazi, kikombe cha chai kimepoa kando ya jiliwa, na mashine ya kukereza chuma inazunguka polepole. Anatengeneza injini ya mvuke ya kuenea kiganjani. Hakuna aliyemwagiza, wala hana nia ya kuiuza. Ukimuuliza itafanya kazi gani, atakuambia itazunguka, na kwake hilo ni jibu tosha.

Watu hawa ni jamii kamili, yenye wazee wake, miiko yake na ugomvi wake wa kale. Wana jarida lao, Model Engineer, alilolianzisha Percival Marshall Januari 1898. Mwaka huohuo kikazaliwa chama London, ambacho leo kina jengo lake kusini mwa jiji, lenye jina la Marshall. Miji mingine ikafuata. Vyama vingi vimejijengea reli ndogo kwenye kipande cha ardhi au pembeni mwa bustani ya umma, na Jumapili za kiangazi watoto hupakiwa mgongoni mwa vibehewa na kuzungushwa kwa nauli ndogo. Mpita njia huona mchezo wa wazee. Haoni sheria zilizo nyuma yake, na sheria hizo ni kali kuliko za karakana nyingi za kulipwa. Fundi wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, akichonga shafti ya mashine ya kusaga, mteja akiridhika kazi imekwisha. Kibandani hamna mteja, kwa hiyo hamna wa kusema basi, inatosha.

Anayeanza mara nyingi huanza na Stuart 10V, injini ya kusimama wima iliyotokana na kampuni ya Sidney Marmaduke Stuart Turner, ambayo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Henley, kando ya mto Thames. Kipenyo cha silinda ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na pistoni husafiri umbali huohuo. Anaponunua hapewi injini. Anapewa sanduku la vipande vya chuma cha kusubu, vyeusi, vyenye mabonge, pamoja na mchoro. Yanayobaki ni juu yake.

Somo la kwanza liko kwenye ngozi ya chuma chenyewe. Chuma kinachotoka kwenye kalibu ya mchanga huwa na gamba gumu lililoshika chembe za mchanga. Mwanagenzi huogopa kuharibu, akaparaza juu juu, na makali ya kisu yakafa palepale. Wazee humwambia aingie chini ya gamba kwa mkato wa kwanza, bila kusitasita. Somo la pili ni kuchagua uso mmoja, kuusawazisha, kisha kupima kila kitu kutoka hapo. Anayepima leo kutoka ukingo huu na kesho kutoka ukingo ule ataishia na silinda isiyoelekeana na shafti yake, na hakuna mafuta yatakayoilainisha injini ya namna hiyo. Ndipo huja tundu la silinda, njia nyembamba za mvuke, pistoni, na vali inayoteleza kufungua upande huu na kufunga ule. Kazi ya miezi, kwa kitu chenye gurudumu la inchi tatu.

Kwa kizazi kizima mashine ya kazi hiyo ilikuwa Myford ML7, iliyotoka katika kiwanda cha Beeston, Nottingham, mwaka 1946. Ulikuwa wakati wake. Nchi ilikuwa imejaa watu waliojifunza chuma katika viwanda vya vita, wakarudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa bure.

Lakini ukitaka kujua jamii hii inaheshimu nini, rudi nyuma hadi miaka ya 1920, kwenye ugomvi ambao mpaka leo unaitwa vita vya boila. Swali lilikuwa hili: je, garimoshi dogo linaweza kula makaa ya mawe na kuvuta mtu mzima kama linavyofanya lile kubwa, au hilo ni ndoto?

Wenye shaka hawakuwa wajinga. Maumbile hayapungui pamoja na mchoro. Chukua garimoshi ulipunguze mara 16 kila upande: eneo la kuta za boila linapungua mara 256, lakini maji yaliyomo yanapungua mara 4,096. Maana yake kila tone la maji sasa lina ukuta mara 16 zaidi wa kupotezea joto. Makaa nayo huwaka vilevile, yakiwa madogo au makubwa. Ukichora mabomba ya moto kwa uwiano uleule wa lile garimoshi kubwa, yatakuwa membamba kama mirija na masizi yatayaziba. Ndiyo maana watu wengi, akiwemo Henry Greenly, mchoraji aliyeheshimiwa sana, waliona heri kwa magarimoshi madogo kutumia boila rahisi na moto wa spiriti.

Upande wa pili alisimama mtu aliyeandika kwa jina la LBSC, herufi za kampuni ya reli aliyowahi kuifanyia kazi, ile ya London, Brighton na pwani ya kusini. Yeye hakuishia kwenye hoja. Alileta garimoshi lake, Ayesha, la reli ya upana wa inchi mbili na nusu, akawasha makaa, likavuta watu wazima. Siri yake ilikuwa kuacha kunakili pale ambapo kunakili kunaua: mabomba machache yenye nafasi, moto wenye kina, mvuke uliopashwa zaidi kabla ya kuingia silindani. Baadaye aliandika katika jarida lile kwa miongo kadhaa, kwa lugha ya karakana, akimwongoza msomaji hatua kwa hatua. Alifariki mwaka 1967. Nadhani mwiko mkubwa wa jamii hii ulitiwa muhuri hapo: umbo unaweza kulirekebisha, kazi huwezi kuighushi. Injini nzuri ya kutazamwa tu huheshimiwa, lakini haizungumziwi sana wakati wa chai.

Moto wa kweli huleta hatari ya kweli, na kwa sababu hiyo boila ina ibada yake. Boila mpya ya shaba nyekundu, iliyounganishwa kwa lehemu ya fedha, hujazwa maji hadi hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya shinikizo itakalofanyia kazi. Hutumiwa maji kwa kuwa hayabanwi kama hewa: mshono ukiachia, maji hutiririka badala ya kulipuka. Mkaguzi hutoka chamani, mwenzao wa siku zote, lakini haruhusiwi kukagua boila aliyoitengeneza mwenyewe. Urafiki hausaidii. Mshale wa geji ukishuka, mwenye boila huifunga kwenye gunia na kurudi nayo nyumbani.

Wengine huenda mbali zaidi. Tangu 1969 yamekuwepo mashindano ambapo kila dereva hupewa makaa yaliyopimwa, garimoshi lake huvuta abiria nyuma ya behewa lenye kipimanguvu, na mwisho huhesabiwa ni kiasi gani cha joto la makaa kiligeuka kuwa kazi. Jibu huwa asilimia chache tu, na watu hutoka hapo wamekunja uso kwa sehemu ya asilimia moja!

Lugha yao ya kusifu ni ya ubahili. Mzee ataivua miwani, atainama juu ya meza ya maonyesho, atakaa kimya, halafu ataulizia ulikishikaje kipande hiki wakati unakikata. Hakuna sifa inayozidi swali hilo. Limekiri kwamba kazi imemshinda kuifumbua kwa macho.

Ni jamii ya wanaume, tena wazee, na hilo halifichiki. Kibanda, mashine na jioni za bure ni mali ambayo si kila mtu anayo. Hata hivyo, aliyewashinda wote alikuwa mwanamke. Cherry Hill alitengeneza injini za mvuke za barabarani na za mashambani kwa kipimo cha moja kwa 16, nyingine zikiwa za mitambo ya karne ya 19 ambayo ilimlazimu kwanza kuichunguza na kuichora upya mwenyewe. Alitwaa kombe la Duke of Edinburgh mara tisa. Nyingi ya kazi zake alizikabidhi kwa taasisi ya wahandisi mitambo, London.

Kwa kuwa kazi moja huweza kula miaka, wengi hufa kabla ya kumaliza. Mjane huwaita watu wa chama, nao huja kutenganisha vya kuuzwa na vya kutupwa, na kumlinda dhidi ya wanunuzi wa bei ya chee. Injini nusu huingia mikononi mwa mwingine pamoja na michoro iliyojaa penseli. Mrithi huanza kwa kupima upya kila kipande, kwa maana hamwamini marehemu zaidi ya anavyojiamini, na mara nyingi hugundua kwamba kosa alilodhani ameliona lilikwisha kusahihishwa mahali pengine.

Siku hizi ubishi umehamia kwenye mashine zinazoongozwa na kompyuta. Wapo wanaoona kwamba kipande kilichokatwa kwa programu hakikutengenezwa na mtu. Wengine hujibu kwamba programu nayo iliandikwa na mtu. Mimi naegemea hawa wa pili, ingawa naelewa uchungu wa wale wa kwanza. Chamani wote hukaa meza moja. Siku ya ukaguzi boila zao mpya huwekwa kwenye foleni moja, ya aliyekata kwa msumeno wa mkono na ya aliyekata kwa kompyuta, na mkaguzi huzijaza maji zote na kupiga pampu hadi mara mbili.