Nani Alimfundisha Ruby Kuomba?

Asubuhi moja mjini New Orleans, mwalimu akiwa dirishani alimwona mwanafunzi wake wa miaka 6 amesimama katikati ya umati wa watu wazima waliokuwa wakimtukana. Midomo ya mtoto ilikuwa ikicheza. Mwalimu alidhani anajibizana nao. Alipoingia darasani, Ruby Bridges alimweleza kwamba alikuwa akiwaombea.

Ruby alikuwa mtoto wa kwanza mweusi katika Shule ya Msingi ya William Frantz. Alianza kwenda huko Novemba 14, 1960, akisindikizwa na maofisa wa usalama wa serikali kuu ya Marekani. Habari ya maombi yake imeenea kupitia Robert Coles, daktari wa afya ya akili ya watoto aliyekuwa akiitembelea familia yake. Coles alikwenda akitafuta dalili za mtoto aliyelemewa na hofu. Akakumbana na swali ambalo masomo yake ya udaktari hayakumwandalia jibu: mtoto huyu kayatoa wapi haya? Ruby alitaja watu wa kwao nyumbani na mchungaji wao.

Coles alikuwa na sababu ya kulielewa jibu hilo: naye alikuwa amebadilishwa na mtu aliyemtazama kazini. Pale Harvard alisoma fasihi, akaandika tasnifu kuhusu William Carlos Williams, mshairi aliyekuwa pia daktari wa watu maskini huko New Jersey. Alifuatana naye akienda kuwaona wagonjwa majumbani, na safari hizo zikamgeuza mwelekeo. Mwaka 1954 alihitimu udaktari Columbia, kisha akaingia katika tiba ya akili ya watoto. Baada ya kukutana na Ruby alibadilika tena: badala ya kungoja wagonjwa kliniki, aliwafuata watoto makwao, akakaa nao na kuwasikiliza. Kazi hiyo ilizaa vitabu 5 vya *Children of Crisis*; cha pili na cha tatu vilimletea Tuzo ya Pulitzer mwaka 1973. Mwaka 1990 akatoa *The Spiritual Life of Children*, ambamo watoto Wakristo, Waislamu, Wayahudi na wasio na dini wanasema na kuchora wanavyomfikiria Mungu.

Ruby, basi, alijifunza kuomba kwa kuwaiga watu wa kwao. Kuiga huku kunafanyikaje? Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikugawa katika hatua 4: kutazama kwa makini, kuhifadhi akilini, kutenda mwenyewe, na kupata sababu ya kuendelea kutenda. Mwaka 2003 Doug Oman na Carl Thoresen walitumia nadharia hiyo kueleza ukuaji wa kiroho. Kwa mtazamo huo, kijana hujifunza subira au msamaha kama anavyojifunza kushona: anahitaji fundi wa kumtazama.

Na fundi huyo mara nyingi yumo nyumbani. Mwanasosholojia Christian Smith na wenzake waliwahoji vijana 3,290 wa Marekani, wa miaka 13 hadi 17. Katika kitabu walichotoa mwaka 2005 walieleza kwamba, katika mambo ya dini, wazazi ndio wenye ushawishi mkubwa kuliko wote, hata pale wazazi wenyewe wanapodhani hawasikilizwi tena.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu wa madrasa au wa shule ya Jumapili ajiulize: kijana wangu ananiona nikifanya nini? Akiniona naamka kuswali alfajiri, au namwendea jirani niliyemkosea na kumwomba radhi, nimempa cha kutazama. Nikimweleza kwa nini nafanya hivyo, nimempa cha kuhifadhi. Kisha nimpe nafasi ajaribu mwenyewe, na asipoweza nisimkaripie.

Ruby alikuwa amezifikia hatua zote. Kwa kawaida aliomba njiani, kabla hajaukaribia umati. Asubuhi ile alikuwa amesahau, ndiyo maana akasimama katikati yao kuwaombea. Jambo alilojifunza kwa wengine lilikwishakuwa lake, kiasi kwamba hakuweza kuingia darasani kabla ya kulitimiza.